Mama Makosa, Aliyeisaka Akili kwa Kuitega

Ndugu, jamaa na marafiki, dada yetu alizaliwa tarehe 9 Machi 1951, mtoto wa tatu wa fundi saa na mshonaji wa sare za shule. Walikaa vyumba viwili vya juu, na chini ya ngazi ndiyo ilikuwa karakana ya baba, nyembamba kiasi kwamba wateja wawili wakiingia, mmoja alirudi nje kupumua. Dada alikulia chini ya meza ile akiokota skrubu zilizodondoka. Siku moja, kabla hata hajaanza shule, aliomba afunguliwe saa. Baba akaifungua. Akachungulia weee, kisha akauliza, "Baba, mbona wakati wenyewe siuoni?" Baba akacheka mpaka kioo chake cha jichoni kikaanguka. "Mwanangu, humu mna vigurudumu na springi tu." "Haya, na kichwani je, mna nini?" Baba akainama kuokota kioo chake, na mtoto hakuwa na subira. Jamani, ndivyo mambo yalivyoanza.

Alisoma shule ya msingi ya mtaani, kisha sekondari ya bweni ya wasichana. Huko mwalimu wa baiolojia alileta ubongo wa ng'ombe kwenye sinia, wenzake wakakimbilia madirishani, yeye akasogea na kuuliza hasira inakaa upande gani. Mwalimu alimwambia aache utani. Hakuwa na utani hata chembe! Mwaka 1970 aliingia chuo kikuu kusomea udaktari, na mwaka wa tatu akahamia saikolojia bila kumwambia mtu nyumbani. Mama alipopata habari alishika kiuno: "Yaani umeacha kutibu watu ukasomee mawazo yao? Si ungebaki karakanani ukayasikiliza bure!" Alipata shahada ya kwanza mwaka 1975 na ya uzamivu mwaka 1981. Kuanzia hapo mama akawa anawaambia majirani kwamba binti yake ni daktari, na hakuwahi kufafanua ni daktari wa nini.

Maisha yake yote ya kazi aliyamalizia katika chumba cha chini kabisa cha hospitali ya chuo, ukuta mmoja na chumba cha kufulia, mabomba yakinguruma mchana kutwa. Alikipenda kile chumba kama nini sijui. Alikuwa akisema kwamba wanafalsafa wameitafuta akili rohoni, madaktari wameitafuta kwenye nyama ya ubongo, na wote wanauliza iko wapi. "Msiulize iko wapi," alisema. "Itegeni muone kama itanasa." Mtego wake ulikuwa kosa. Alikuvisha kofia yenye nyaya, akakupaka mafuta mazito ambayo hayatoki nywelani wiki nzima, kisha ukasomewa maneno: alivua viatu, akanawa miguu, akapanda supu. Pale kwenye supu, mstari wa ubongo wako kwenye mashine unaruka. "Kanasa huyo!" alipiga kelele kushinda mashine za kufulia, na mara nyingine alikukumbatia na mafuta yako hivyo hivyo. Hoja yake ilikuwa kwamba anayeshtushwa na kosa alikuwa anatarajia kitu kingine, na mwenye kutarajia lazima awepo. Wanafunzi wakamwita Mama Makosa, na jina likamkaa kuliko lile alilopewa na wazazi.

Lakini naye alikosea, tena vibaya, na alipenda kosa hilo lisimuliwe. Mwanzoni alisoma yale maneno mwenyewe, na kila alipokaribia kosa sauti yake ilipanda kidogo kwa furaha. Watu walikuwa wakishtushwa na sauti yake! Kazi ya mwaka mzima ikaenda na maji. Alilia asubuhi, alicheka mchana, na kwenye mkutano uliofuata akasimama akaeleza upuuzi wake mbele ya ukumbi mzima. Toka siku hiyo maabara yake ilikuwa na sheria moja isiyovunjwa: anayesoma asijue kosa liko wapi.

Kwenye mkutano huo huo alisimama kijana mwalimu wa falsafa, shati limemtoka suruali, akasema, "Dada, mstari umeruka, sawa. Labda kuna mtu ndani. Labda kuna springi tu. Wewe umejuaje?" Dada aliwaka. Walibishana ukumbini, wakahamia kantini, wakabishana mpaka mfagiaji akawaambia wanyanyue miguu. Tarehe 14 Desemba 1979 walifunga ndoa, na ubishi ukahamia nyumbani pamoja na vyombo. Sisi shemeji zake tulimwita Bwana Labda. Kwa zaidi ya miaka arobaini alishikilia kwamba hakuna awezaye kujua kama ndani ya mwenzake kuna mtu. "Hata wewe, mke wangu, kwa hoja kali kabisa, sina uhakika kama umo." "Sina uhakika, sina uhakika! Na hiyo chai kakutengea nani, springi?" Kila mume alipomnukuu vibaya, dada aligonga meza kwa kidole, tok, na mume alirudi nyuma kujisahihisha. Walijaliwa binti, ambaye ni fundi umeme, na mwana, ambaye ni mwalimu wa hesabu. Watoto hao walidhani kila nyumba inakula chakula cha jioni namna ile.

Tarehe 20 Juni 2022 alipata kiharusi. Macho yalifumbuka, lakini mwili wote ulibaki kimya: hasemi, hanyanyui mkono, hata ukimshika hashiki. Wiki kadhaa baadaye daktari wa wodi, kijana muungwana, aliwaita wanafamilia na kuwaambia kweli yake. Vipimo walivyofanya havikuonyesha kwamba anaelewa. Ijumaa ya wiki hiyo wangesimamisha mazoezi ya viungo na kumhamishia wodi ya kulaza tu, ambako mgonjwa hulishwa, hugeuzwa, na haongeleshwi.

Hapo ndipo Bwana Labda alipovunjika. Alichokifundisha miaka yote kikawa kimelala mbele yake kitandani. Kama yumo, wanamzika hai. Kama hayumo, anaongea na shuka. Na yeye ndiye aliyeapa kwamba hilo haliwezi kujulikana! "Baba, ongea naye tu," binti alimsihi. Hakujua aseme nini, basi akafanya anachokiweza, akatoa mhadhara. Asubuhi ya Ijumaa hiyo, kwa uchovu na kulia, akachanganya. Akasema, "Kama alivyoshikilia daima mke wangu, akili ni kumbukumbu tu." Tok.

Ilitoka kwenye chuma cha kitanda. Aliinama akakitazama. Akasema tena, safari hii sawasawa, kwamba akili ni kutarajia. Kimya. Akarudi kwenye kosa: ni kumbukumbu. Tok! Kidole cha shahada cha mkono wa kulia. Mzee mzima alitoka mbio hadi koridoni na soksi tu akipiga mayowe, "Yumo! Yumo!" Muuguzi akaja mbio, "Nani yumo, baba?" "Mke wangu! Yumo ndani!"

Binti yake ndiye aliyemshika mabega. "Baba, tulia. Unajua mama angesema nini. Angesema sauti yako imekusaliti." Na kweli. Wakaketi pale pale kwenye benchi la korido, machozi yakiwatiririka, wakaandaa jaribio kwa sheria ya maabara. Binti aliandika hoja za mama yake kwenye vipande vya karatasi, nyingine sahihi, nyingine za uongo, akavichanganya. Aliyesoma alikuwa yule muuguzi, ambaye hajawahi kusikia habari hizo na alisoma kama anasoma orodha ya dawa. Familia ikawekwa nyuma ya pazia. Daktari akasimama miguuni akitazama kidole.

Hoja sahihi, kimya. Hoja ya uongo, tok. Sahihi, kimya. Uongo, tok. Nyuma ya pazia shemeji alikuwa ameuma kola ya shati lake. Kisha ikasomwa hoja moja ambayo binti aliiandika kuwa sahihi, na kidole kikagonga. Moyo ulimshuka kila mtu. Wakasoma tena. Tok, kwa nguvu zaidi. Mwana akakimbia nyumbani kuileta tasnifu ya mama yake, wakaipekua hapo hapo kitandani. Binti alikuwa amekosea! Mama yake aliandika kinyume chake kabisa. Yule daktari alikaa chini. "Nywele zimenisimama," alisema, kisha akachukua faili na kuandika mwenyewe kwamba mazoezi yaendelee. Wodi nzima ilipiga makofi, na muuguzi akalia huku akiuliza kwani yeye amefanya nini.

Baadaye walimletea ubao wa herufi, wakipitisha kalamu na yeye akigonga kwenye herufi anayoitaka. Alieleza kwamba kidole ndiyo kwanza kilikuwa kimeanza kuamka wiki hiyo, na sentensi yake ya kwanza ilikuwa RUDIENI JARIBIO. Alirudishwa nyumbani, akasahihisha kazi za wanafunzi kwa ubao ule, akamtoa jasho mumewe mezani kama zamani. Siku moja mume aliuliza swali ambalo vitabu vyake vyote vilisema halina jibu. "Mama watoto, siku zile, humo ndani kulikuwaje?" Herufi moja moja, kwa muda mrefu, alimjibu: UPWEKE. MPAKA ULIPOKOSEA. Bwana Labda hakubisha. Ilikuwa mara ya kwanza jambo hilo kuonekana katika nyumba ile.

Alifariki dunia asubuhi ya tarehe 3 Septemba 2023 nyumbani kwake, baada ya homa ya mapafu, mumewe akimsomea na kumnukuu sawasawa.

Ameacha binti na mwana, wajukuu ambao wote wamevishwa ile kofia ya nyaya, mdogo wake anayesoma maneno haya, na wanafunzi waliojaa hapa mpaka nje ya geti. Ameacha pia mume, aliyedai ujana na uzee wake kwamba hawezi kujua kama ndani ya mkewe kuna mtu, na ambaye leo, kati yetu sote, ndiye anayejua zaidi ni nani aliyeondoka.

Pumzika sasa, dada, na amani yote iwe yako.