Kiti cha Dirishani

Mwalimu mkuu mstaafu alikalia kiti cha dirishani ndani ya basi, upande wa bahari, kwa heshima zote za mtu aliyekabidhiwa ofisi. Mkewe alikuwa kando yake, akiiona bahari kwa vipande, juu ya sikio la mumewe.

"Leo nashuka, baba watoto. Nataka kukanyaga maji."

"Ukishuka, kiti kimekwenda. Basi likigeuza, watu wanajaa kama siafu. Utarudi umesimama, na magoti yako hayo?"

"Tangu ustaafu tunakuja huku kila Jumamosi, na mchanga sijaugusa!"

"Si bahari unaiona?"

"Hata wewe nakuona."

Abiria wa nyuma yao alishikwa ghafla na kikohozi. Mzee akamgeukia na lile jicho lililowahi kunyamazisha bweni zima, kikohozi kikapona papo hapo.

Basi lilisimama mwisho wa barabara. Mama akainuka. Mzee naye akanyanyuka nusu, akaona umati uliojazana mlangoni, akarudi chini upesi.

"Sasa hapa pako atakaa nani?" akauliza kwa unyonge.

"Kalia vyote viwili," akajibu mkewe, akashuka.