Mjukuu Anamuaga Bibi wa Silinda Tisa

Fundi tunayemwita Mjukuu anastaafu mwisho wa mwezi huu, baada ya kuitumikia karakana yetu ya ndege za kale kwa miaka thelathini na mitatu. Mimi, msimamizi wake wa zamani, nimeombwa niandike wasifu wake. Daktari wangu ameacha kunipa miadi ya mbali, kwa hiyo nianze na nililoficha. Lile sikio mlilolisifu, la kutambua silinda inayougua, lilikuwa lake. Mimi nilikuwa kiziwi. Sifa hizo nataka zimfikie kabla hajakabidhi funguo.

Alikuja akiwa msichana mwembamba, akakabidhiwa Bibi: injini ya silinda tisa zilizopangwa duara kama petali za ua, inayopozwa na upepo mtupu, bila tone la maji. Bibi huvuja mafuta. Yakijikusanya kwenye silinda za chini, ukimwasha kwa pupa anavunjika viungo. Ndiyo maana kila asubuhi Mjukuu alilizungusha pangaboi kwa mikono kwanza, taratibu. "Shikamoo Bibi. Haya, kohoa." Marubani walimcheka, mpaka mmoja mwenye haraka zake alipowasha bila salamu na kupinda mkono wa pistoni. Siku hizi naye huamkia.

Masikio yangu yalipokufa niliogopa kufukuzwa. Mjukuu aligundua, akanitamkia polepole nimsome midomo: "Mzee, wewe una mikono, mimi nina masikio. Kazi itaenda." Basi injini ikinguruma, yeye aliweka vidole kiunoni. Vikiwa vitatu, nilikunja uso kama msomi, nikatangaza, "Ya tatu hiyo." Mafundi wakibandika tambara lenye maji hapo, halifuki mvuke: silinda ni baridi, haichomi mafuta. "Mzee una sikio la popo," walisema. Mjukuu aliangalia viatu vyake asicheke.

Amefundisha karibu kila fundi anayesoma haya. Amewakaripia nusu yao, akawapikia chai wote.

Kisha ile siku ya maonyesho. Ndege ilikuwa na abiria wawili, imeanza kusogea, Mjukuu akatoka mbio akasimama mbele yake, mikono juu. Rubani alizima, akafoka, "We mama, unataka kukatwakatwa?" Walipofungua, vali ya silinda ya saba ilikuwa imevunjika. Wasingeuvuka hata uzio wa uwanja. Jioni yake nikapewa tuzo, kwa kusikia hitilafu na kumtuma haraka. Iko ukutani ofisini. Lifuteni jina langu, muandike lake.

Asante, Mjukuu, kwa masikio na kwa kunyamaza. Kalale mpaka jua likuchoke, ulee wajukuu wa kweli, na afya ikufuate kila uendako.

Siku ile sikumtuma. Nilikuwa nimeshamwinulia rubani kidole gumba aondoke.