Houda Anaambiwa Alete Direkteri

Benchi letu liko barazani kwa Uthmani, fundi cherehani wa mtaa wa Bwiza. Tunamwita Guverneri kwa sababu hutoa amri hata kwa pasi yake. Mwaka ule wa ambargo, nchi jirani zilipotufungia biashara, sukari ilikuwa adimu, tukawa tunakunywa kahawa chungu na hasira juu yake. Alikuwepo Ilyasi, makanika, jina lake la utani Breki, maana akianza kusema hasimami. Alikuwepo Cirimwami kutoka Bukavu, muuza vitenge, tunayemwita Profesa ingawa hakuna aliyewahi kumwona na kitabu. Na mimi. Houda, mtoto wa dada yake Guverneri, alifika kutoka mjini, akatupa mkoba wake juu ya benchi, akakataa kuketi.

Tulijua alikotoka. Vita ilipoanza alikuwa darasa la mwisho la sekondari. Kartie yao, mtaa mzima, ikachomwa, na shule pia. Akaolewa, akazaa wawili, akapata kazi ya kuosha vidonda katika dispanseri moja, bila cheo. Miaka miwili, wenzake wakila chakula cha mchana, yeye alikuwa anapanda mlimani Gihosha kwa Dévote, mwalimu mstaafu, kujifunza fizikia na bayolojia. Kisha akafanya mtihani wa serikali kama kandida libre, yaani mtu mzima asiye na shule. Akafaulu. Jina lake lilibandikwa ukutani, sote tulienda kulitazama. Shule ya manesi ilikuwa tayari kumpokea, ila ilitaka diplome yenyewe, cheti chenye muhuri, na asubuhi ile alikuwa ameenda kuidai ofisi ya elimu.

— Wamekupa? Guverneri akauliza.

— Apana, mujomba. Wanasema nilete direkteri wa shule yangu aweke sahihi.

— Shule gani?

— Ile ile yenye iliungua! Nikawaambia direkteri alikimbia siku ile, hakuna mutu anajua kama yuko kambini Tanzania ao yuko chini ya udongo. Yule bwana akanitazama hivi, akasema: «Mama, bila direkteri hakuna diplome. Na wewe uko na bwana, diplome ya nini?»

Breki akagonga kikombe chake kwenye benchi hadi kahawa ikaruka.

— Diplome ya nini? Angeuliza vile mama yake!

— Na mwalimu Dévote? nikauliza. Yeye si angeweka sahihi?

— Nilienda naye, kwa miguu, na magoti yake yale. Wakamwambia yeye si shule.

— Wahenga walisema, asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, Profesa akasema. Basi Houda amefunzwa na ulimwengu. Waite ulimwengu ofisini uweke sahihi!

— We Profesa, methali ile ni ya watoto wabaya, Guverneri akasema.

— Methali ni kama kitenge, kila mutu anakata yake.

— Mi nawaambia, Breki akaingia, direkteri ni kisingizio. Ni ambargo. Wino ya muhuri imeisha! Wanaona haya kusema.

— Wino gani? Guverneri akasema. Muhuri wenyewe haupo. Nao ulikimbia. Uko kambini, umepewa hema, unakula mahindi ya msaada!

— Ninyi hamujui kitu, Profesa akasema. Diplome zinapita mpakani Gatumba, zinaenda kwetu Kongo. Kule Uvira mutu mwenye hajui hata kusoma sasa ni daktari, na kwenye diplome yake jina ni Houda!

Tukacheka. Houda hakucheka.

— Munacheka. Jana mutoto mumoja aliletwa dispanseri, mguu umevimba. Mi niliona ni nini, lakini sina ruhusa hata ya kushika sindano. Tukangoja infirmier, nesi mwenye diplome, mpaka jioni. Mutoto analia, mama yake ananiangalia mi. Miaka miwili nimesoma na njaa, halafu munacheka.

Guverneri akaanza kukunja kitambaa kisichohitaji kukunjwa.

Sasa kulikuwa na mtu ambaye hatukumjua, ameleta suruali ifupishwe, jina lake Jovithe. Alikuwa amesimama mlangoni muda wote akisikiliza. Akauliza polepole, kama mgeni anayeuliza njia:

— Mama, samahani. Hiyo shule, ni nani aliichoma?

Breki, asiye na breki, alitazama ndani ya kikombe. Profesa alitazama barabarani, askari wawili walikuwa wanapita. Pale kwenye benchi letu kila mtu alikuwa na jibu lake, na kila jibu lilikuwa na makaburi yake. Tulikuwa tumeweza kunywa pamoja miaka yote ile kwa sababu swali lile halikuwahi kuketi nasi.

— Mi sikuichoma, Houda akasema.

— Ndiyo maana nauliza, Jovithe akasema. Mwenye aliichoma, si yeye ndiye angeambiwa alete direkteri?

Houda akachukua mkoba wake.

— Houda mwanangu, Guverneri akasema, usiende kusema maneno haya kule.

— Naenda kuyauliza tu, mujomba.

Akaondoka. Guverneri akatupa kitambaa, akamfuata bila viatu vya kutokea, na kandambili zake. Sisi tulibaki.

Jua lilikuwa limeshaanza kuteremka upande wa ziwa waliporudi. Houda alikuwa ameishika diplome kifuani kwa mikono miwili. Breki akaruka:

— Ulimuuliza?

— Nilimuuliza yule bwana ni nani aliichoma shule, mbele ya watu wote.

— Akajibu nini?

— Alisimama, akafunga mulango. Akaniambia nisiulize tena kitu kile mahali popote. Halafu akagonga muhuri, direkteri hakumutaja tena.