Irini Fanous na Masizi ya Darini

Abuna Bisenti, padri wetu, mama yetu Matilda, shemeji Labib, watoto, majirani wa Kom el-Asal wa kanisani na wa msikitini, na ninyi mliotoka Esna na Luxor kwa basi la asubuhi, familia imemtuma Wadie, mdogo wa mwisho wa marehemu, ndiye huyu aliyesimama mbele yenu, awasomee maisha ya dada yake, na kwa kuwa marehemu alizoea kumsahihisha hata akisoma kipimo cha dawa, leo tunaomba mtuvumilie, makosa yatapita bila mwenyewe kuyakamata.

Marehemu Irini Fanous Bekhit alizaliwa siku ya Jumanne, tarehe 14 Machi 1950, ndani ya hekalu la kale, na tunasema ndani, si jirani, maana wakati ule ukumbi wa mbele wa hekalu letu ulikuwa umefukiwa na mchanga mpaka kifuani mwa nguzo, na familia saba zilikuwa zimejenga kuta za udongo humo humo na kuishi. Kwa hesabu ya nyumbani alizaliwa baina ya nguzo ya saba na ya nane, hatua tatu kutoka kwenye tanuri la mama, na vile vichwa vya nguzo vilivyochongwa mafunjo, mitende na yungiyungi, ambavyo leo wageni huvitazama mpaka shingo ziwaume, mama alikuwa akivifunga kamba ya kuanikia nepi. Dari lilikuwa jeusi tii, na hakuna mtu aliyejua kwamba lina kitu.

Tarehe 2 Novemba 1959, marehemu akiwa na miaka tisa, amri ilikuja tuhame, tukapewa nyumba huku upande wa mfereji, kuta zetu zikabomolewa, mchanga ukasombwa kwa vikapu miezi kumi na mmoja hadi sakafu ya mawe ikaonekana, na siku hiyo mama aliapa kwamba hatakanyaga tena mle ndani. Alisema, "Wamechukua mlango, wamechukua ukuta, lakini moshi wangu hawauwezi, uko juu pale, nao utawaambia kwamba tulikuwepo." Maneno hayo mmeyasikia wengi wenu, na wengine mmeyasikia mpaka mmechoka.

Marehemu alisoma shule ya msingi ya kanisa hapa kijijini kuanzia mwaka 1957, akaendelea na sekondari ya wasichana mjini Esna, akamaliza mwaka 1969, na mwaka huohuo akachaguliwa kwenda Cairo kusomea uchoraji, jambo ambalo baba yetu, Mungu amrehemu, alilipokea kwa kusema, "Yaani msichana aende mpaka Cairo kuchora, kwani hapa kuta zimeisha?" Alikwenda, akarudi mwaka 1973 na cheti, nywele fupi, na tabia ya kukosoa rangi za mapazia ya watu.

Tarehe 1 Februari 1974 aliajiriwa hapa hekaluni kunakili michongo, kazi ya kubandika karatasi angavu ukutani na kufuata kila mstari kwa kalamu, mfalme akimpa mungu mikate, mfalme akimpa mungu bata, mfalme akimpa mungu mikate tena, na alipenda sana kutuonyesha zile duara za jina la mfalme ambazo mafundi wa kale waliziacha tupu, kwa sababu wafalme wa siku zile walikuwa wakipinduana kila kukicha. "Wangeandika nani, na kesho si huyo?" alikuwa akisema, huku akicheka peke yake.

Alifunga ndoa tarehe 22 Agosti 1976 na mwalimu wa hesabu Labib Sidrak, katika kanisa hili hili, wakajaliwa watoto wawili, Abanoub mwaka 1978 na Mahrail mwaka 1981, na tangu hapo kijiji kizima kikamwita Mama Abanoub, wakubwa wake kazini nao vilevile. Labib anasema katika miaka arobaini na miwili waligombana kweli mara moja tu, kuhusu rangi ya mlango, naye alishindwa, na sote tunauona mlango ule kila siku.

Sasa tunafika mahali ambapo familia ilibishana kama pasomwe au paachwe, na mama mwenyewe ndiye aliyesema pasomwe. Mwezi Oktoba 1992 marehemu alipewa kazi ya kusafisha dari la ukumbi, akapanda jukwaani na pamba, maji yaliyochujwa na spiriti, akaanza kutoa masizi kidole baada ya kidole, na chini ya weusi ule zikatoka nyota za njano juu ya buluu, mashua za jua, tumbusi waliotandaza mabawa kutoka nguzo hadi nguzo, na watu wakawa wanaingia kutazama na kushika vichwa vyao. Mama hakuingia. Siku alipoambiwa ni kazi gani anayoifanya binti yake, aliweka sinia chini akamwambia, "Irini, hao wengine walitutoa kwa amri, wewe unatutoa kwa pamba?" Na tangu hapo, mtu akimuuliza binti yako anafanya nini siku hizi, jibu lilikuwa neno moja, "Anatufuta."

Walisalimiana, walikula pamoja sikukuu zote, mama aliwalea wajukuu kwa mapenzi makubwa, lakini kazi ya marehemu haikutajwa mezani kwa mama kwa miaka ishirini na sita, na sisi tuliokuwa tukimsindikiza marehemu kurudi kwake tunajua alivyokuwa akilia njiani.

Kanuni ya kazi ile inataka pabakizwe mahali padogo pasiposafishwa, ili watakaokuja waone palikuwaje, na mafundi hupaita shahidi. Mkuu wa kazi, Daktari Nazmi, alitaka shahidi wa ukubwa wa kiganja, pembeni gizani, lakini marehemu aliacha pande zima jeusi baina ya nguzo ya saba na ya nane, juu kabisa ya tanuri la mama, likifunika bawa zima la tumbusi. Daktari akapiga kelele kutoka chini, "Mama Abanoub, huo si ushahidi, huo ni uchafu! Wageni wataniuliza hapa mlichoka?" Naye akajibu kutoka juu, "Waambie mama yangu alikuwa anapika." Alishushwa jukwaani mwaka mzima, akapewa kupanga mafaili, akayapanga, akarudi, na pande lile halikuguswa, na kazi ikafungwa tarehe 17 Juni 1998. Alimwalika mama aje aone moshi wake umehifadhiwa. Mama akasema ana kunde jikoni.

Marehemu alistaafu mwaka 2010, na mwaka 2017 ini lake lilianza kumsumbua, akatibiwa Esna, kisha Luxor, akalazwa mara nne, na kufikia Krismasi iliyopita madaktari walituambia tumrudishe nyumbani. Hakuomba kingine ila mama yake aingie naye hekaluni mara moja. Mama, siku mbili baadaye, tarehe 20 Januari 2019, Jumapili, siku iliyofuata sikukuu ya Ubatizo, akavaa viatu vyake vya kanisani, akasema, "Twendeni basi, kabla jua halijawa kali."

Tuliingia na viti viwili vya magurudumu, mama na binti, Abanoub akisukuma kimoja na Wadie kingine, marehemu akanyoosha mkono kuelekea lile pande jeusi na kusema, "Mama, moshi wako ule." Mama akatazama, akageuza kichwa huku na huku, akatafuta tundu la kaskazini tulilokuwa tukiingilia zamani, akahesabu nguzo kwa kidole, kisha akasema, "We mtoto, hapa si petu. Hapa palikuwa pa Mama Sabri, na ndiyo maana pameungua hivi, mwanamke yule hajawahi kutoa mkate mzima." Ndugu zangu, sisi tulihesabu kutoka kaskazini na ofisi inahesabu kutoka kusini, na marehemu, aliyezoea kunisahihisha mimi, Wadie, katika kila kitu, alikuwa amehifadhi moshi wa jirani, na wa mama yake alikuwa ameufuta kwa mkono wake mwenyewe, mwaka wa kwanza kabisa. Alijifunika uso. Alisema, "Mama, nisamehe, nimekufuta kweli."

Mama akaagiza asukumwe mpaka penye tanuri lake, akainua uso, na juu yake alikuwepo yule mwanamke ambaye watu wa kale walimchora kuwa ndiye anga, mrefu, buluu, mwili wote nyota, ameinama kutoka ukuta hadi ukuta, jua likiingia mdomoni mwake jioni na kuzaliwa asubuhi. Mama alimtazama muda mrefu sana, kisha akasema, "Kumbe miaka kumi na moja nimeinamia tanuri, na huyu naye ameinama juu yangu, na hakuna aliyeniambia." Akaushika mkono wa binti yake, hakuuachia mpaka tulipofika nyumbani, na siku zote zilizobaki alilala chumba kimoja naye.

Marehemu alifariki Jumamosi, tarehe 9 Machi 2019, saa nne asubuhi, nyumbani kwake, akiwa na miaka sitini na minane, zimebaki siku tano tu atimize sitini na tisa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Esna na Luxor, Abuna Bisenti kwa kumpa sakramenti, mafundi wenzake waliobeba jeneza hili, Daktari Nazmi aliyekuja kwa fimbo kutoka Aswan na kulia kuliko sisi, na watoto wa Mama Sabri waliopika siku zote tatu, ambao moshi wa mama yao, tunawathibitishia, utabaki hekaluni.

Mama yetu hawezi kusimama, lakini ametuagiza neno lake lisomwe mwisho, na kwa wanaomjua, wanaojua kwamba katika maisha yake hajawahi kusifu usafi wa nyumba ya mtu, neno lenyewe ni hili: "Binti yangu alisafisha vizuri."

Irini, dada yetu, umesikia mwenyewe. Sasa pumzika, kwa amani yote.