Ubeti Aliouficha Mpiga Zeze

Ndani ya treni, mwalimu mkuu mstaafu alikunja gazeti lake, kwa kuwa mazungumzo ya kiti cha mbele yake yalikuwa na habari zaidi. Mzee aliyepakata zeze lililofungwa shuka alikuwa akimweleza mama wa kando yake kwamba anakwenda kupiga kwenye tamasha la ngoma za asili. "Lakini wimbo wa babu nitauimba bila ubeti wa mwisho. Pale kila kona pana kinasa sauti."

"Na huo ubeti anaujua nani mwingine, baba?"

"Hakuna. Wanangu hawakutaka kujifunza."

"Basi unamwogopa mwizi mdogo. Kaburi nalo huiba, tena halirudishi."

Mzee akamtupia jicho la pembeni. "Wewe mama umetumwa na nani?"

"Na mume wangu, nikanunue sabuni."

Mwalimu, ambaye hakuwa na desturi ya kucheka mbele za watu, alikohoa. Treni ikasimama. Mzee alishuka polepole akiuimba ubeti ule kwa sauti ya puani, lakini alipoona mama ametega sikio, akanyamaza. Nusu ya ubeti ilibaki kichwani mwa mwalimu, bila idhini ya mwenye wimbo.