King'ora cha Lango la Pili

Kaeni, wanangu. Sirkka, acha vyombo, hata vikikauka havitakimbia. Pertti, vua viatu, hapa bado ni nyumbani kwangu, na uzime taa ya jikoni, kwani saa sita mchana unatafuta nini kwa taa? Nimelala wiki tatu katika kitanda hiki nikiwasikia nyie wawili mkigombea friza. Friza, wanangu. Baba yenu anakwenda, barafu ya mtoni imevunjika juzi tu, na mnabishana ni nani aliyenunua friza mwaka gani. Ukuta huu ni wa mbao. Miguu ndiyo imekufa, masikio yangu ni mazima.

Sikilizeni basi, kwa sababu sitarudia. Nyumba hii na sauna iliyo kando ya maji ni ya Sirkka, kwa kuwa ndiye aliyemwosha mama yenu hadi siku ya mwisho. Msitu wa upande wa kinamasi ni wa Pertti, naye asiukate wote kwa mkupuo mmoja kama mtu anayenyoa kondoo. Friza mpeni jirani. Nimemaliza, na atakayelizungumza tena jambo hilo kabla sijazikwa nitaamka nimzabe kofi.

Sasa nipeni kile kikasha cha gome kilicho juu ya kabati. Hapana, usinifungulie, nipe nikishike tu.

Pertti, jana umemwambia mkeo kwamba kikasha hiki kipelekwe makumbusho. Nilikusikia. Wewe unaona vijiti sita vilivyochorwa alama. Mimi naona nyumba sita za ukingo huu, ambazo tangu enzi za babu wa babu yangu zilikutana kila Jumapili ya kwanza ya Juni kupiga kura kwa vijiti hivi, nani mwaka huu avue samoni sehemu ipi ya mto. Anayetunza kikasha havuti kijiti kwanza. Hakuna anayeingia zamu ya mwenzake, hata mwenzake akiwa mgonjwa, hata akiwa mpumbavu. Na nyumba ikikosa kura miaka mitatu, imepoteza sehemu yake milele. Ndiyo maana bwawa lilipojengwa na sehemu tano zikalala chini ya maji kina cha mita kumi na nne, na ya sita, Jiwe Refu, chini ya ukuta wenyewe, sisi tuliendelea kukutana. Mnacheka? Chekeni. Wazee sita wamevaa makoti ya kanisani wanapiga kura ya kuvua mahali ambapo hata nyavu hazifiki, kwa sababu kila mmoja anaogopa kuwa wa kwanza kuacha. Hata mimi nimecheka. Lakini sijakosa hata mwaka mmoja, na mdogo wangu Oiva hajakosa. Huja, huchukua kijiti chake, hunywa kahawa yake akiwa amesimama, huondoka. Tangu mwaka wa sitini na mbili hajanitamkia neno.

Mlipokuwa wadogo mliniuliza kwa nini baba mdogo hasemi nasi. Niliwaambia ni kwa sababu nilichukua kazi kwenye bwawa. Huo ni ukweli nusu, na ukweli nusu ni kama boti nusu.

Bwawa lenyewe silitukani. Nimefungua na kufunga milango yake miaka thelathini na mmoja, na umeme wake ndio uliokusomesha wewe, Sirkka, na ndio uliomwondolea mama yenu kuteka maji kwenye tundu la barafu akiwa na mimba. Walioujenga ukuta ule walikuwa watu, na waliolia ulipojengwa walikuwa watu. Mimi nilikuwa kotekote, nikala sahani mbili.

Miaka ile ya mwanzo samoni walikuwa bado wanapanda kutoka baharini, wanafika chini ya ukuta, wanaupiga kwa vichwa. Oiva na wenzake wanne wakajenga uzio wa kuvulia hapo chini, kama baba alivyotufundisha, wiki tatu ndani ya maji ya kifuani, maji ambayo asubuhi bado yalikuwa barafu. Walipomaliza nilikutana naye dukani. Akaninusa mbele ya watu, akasema, "Kaka, unanuka grisi. Mama angekuwa hai angekuogesha mara mbili kabla hajakupa uji." Watu wakacheka. Nami nikacheka, nikanunua tumbaku yangu, nikaenda zamu.

Mchana simu ikalia: mafuriko yanakuja kutoka juu, fungua lango la pili. Sheria ilikuwa piga king'ora, subiri dakika kumi, fungua. Nilisubiri dakika kumi. King'ora sikukipiga. Niliona moshi wa kahawa yao ukingoni, nikajua hakuna mtu majini, hakuna atakayekufa. Lakini kwa dakika zile kumi wangeweza kutoa wavu na miti ya katikati. Nilikaa nimekodolea macho saa ya ukutani kama mtu anayesubiri viazi viive. Kisha nikafungua. Uzio ukaondoka kabla sijageuka kuwasha kiko. Hakuna aliyejenga mwingine tena kwenye mto huu. Nami nikasema king'ora kiliharibika.

Sikuua mtu. Nimejiambia hivyo kila siku kama mtu anayekunywa dawa, na mficha maradhi, wanangu, mnajua mwisho wake. Kwa hiyo nawaagiza, mkimaliza kunizika, mchukue kikasha hiki kwa mikono yenu miwili, mwende kwa Oiva, mumwambie...

Nani anakohoa jikoni?

Sirkka. Nakuuliza wewe. Umemwita lini? Na amekaa hapo tangu saa ngapi? Tangu friza. Mungu wangu, mtoto huyu.

Haya, ingia, Oiva, usisimame mlangoni kama mkusanya kodi. Umesikia yote. Sogea, sauti yako imekuwa ndogo, au masikio yangu nayo yanaanza kwenda.

Unasemaje?

Ulijua. Ulijua tangu Jumatatu iliyofuata, king'ora kilipojaribiwa adhuhuri kama kawaida, kikalia vizuri, na hakuna fundi aliyepita, kwa kuwa barabara ya bwawani inapita uani kwako. Basi miaka hamsini na mmoja, Oiva! Ningekufa nimeziba mdomo. Kwa nini hukusema?

Unasema ilikuwa zamu yangu kusema, si yako.

Ndiyo. Ilikuwa zamu yangu.

Kaa. Hapa, kitandani, bado pana nafasi. Sirkka, mpe kahawa, na leo atainywa akiwa amekaa. Fungua kikasha, mdogo wangu, mikono yangu haina nguvu. Juni ni mbali kwangu. Vuta wewe kwanza... Kipi? Jiwe Refu? Pale ulipo ukuta? Usicheke, unanitikisa kifua.

Kikasha ni chako. Siku yako nawe ikifika, mwachie Pertti. Pertti, usikose Jumapili ile. Koti livaliwe, liko... liko nyuma ya mlango.

Mungu awape ndugu wasiogombana. Au wagombane, lakini waseme. Waseme mapema... Mikono yenu iko wapi. Haya. Mbarikiwe, na watoto wenu.

Na ile taa, Pertti. Bado inawaka. Kweupe huku.