Mapande Kumi na Tisa ya Barafu

Nimeombwa nianze kwa kumshukuru Mungu, na ninamshukuru, ingawa wengi wenu mnajua kwamba mimi na yeye bado tuna maswali kadhaa hatujayamaliza. Ndugu zangu, hiki kimashine mnachokiona hapa mezani ni cha kurekodi sauti, na kinazunguka. Mwishoni nitaeleza kwa nini. Msikishuku. Kushuku ni kazi yangu, na leo nimesimama kuwaambia jinsi kazi hiyo ilivyokaribia kunimaliza.

Sitataja jina la mtu. Baadhi mmo humu ukumbini, na mkijitambua, kunyweni chai yenu kimya.

Nilikuwa mwaka wa pili chuoni, nikisomea takwimu, wakati kaka yangu alipopotea. Alikuwa fundi wa injini kwenye meli ya uvuvi huko kwetu Pwani, zile zinazokokota wavu mkubwa chini ya bahari kutafuta kamba wa kuliwa. Meli iliondoka asubuhi ikiwa na watu kumi na mmoja. Siku ya tatu haikujibu redio. Haikuonekana tena. Hakuna boya lililookotwa, hakuna doa la mafuta juu ya maji, hakuna hata kiatu.

Kampuni ilimwandikia mama barua fupi: dhoruba, hakuna aliyenusurika, tafadhali weka sahihi hapa chini.

Dhoruba? Shemeji yangu, mke wa kaka, alikwenda mwenyewe bandarini akawauliza mabaharia wa meli nyingine zilizokuwa upande uleule wiki ileile. Walimwambia bahari ilikuwa imetulia. Tena wakamwambia kwamba nahodha wa kawaida alibadilishwa siku moja kabla ya safari, akaletwa mgeni asiyejulikana na mtu. Mimi huku nikapiga simu ofisi ya kampuni. Mara ya kwanza nilijibiwa na karani aliyesema nisubiri. Mwezi uliofuata nilijibiwa na mtu anayeuza magodoro. Ofisi haikuwepo tena.

Nawauliza, ningeacha kushuku?

Basi nikampigia mama kwenye simu ya dukani, nikamwambia, "Mama, msiweke sahihi. Na msiweke matanga. Mkiweka matanga mtakuwa mmekubali hadithi yao."

Mama akauliza, "Kwa hiyo yuko hai?"

"Sikusema yuko hai. Nimesema hakuna ushahidi."

"Sasa mimi nikae vipi, mwanangu?"

"Subirini. Ninachunguza."

Nanyi mnajua kwetu. Ukishakuwa wewe ndiye uliyekwenda chuo kikuu Marekani, neno lako linapita la wazee wote. Baba zangu wadogo walikuwa wameshaazima viti na sufuria. Wakavirudisha. Hakuna aliyelia, kwa sababu mimi, niliyekuwa nimekaa maktabani maelfu ya maili kutoka pale, nilikuwa ninachunguza.

Wiki moja baada ya meli kupotea nilipata kaseti. Kaka hakupenda kuandika, alikuwa akinirekodia sauti yake na kunitumia. Hii aliirekodi gatini, meli ikipakiwa, akaipeleka posta kabla ya kung'oa nanga. Unamsikia anaongea, na nyuma yake unasikia mapande ya barafu yakiteremshwa tumboni mwa meli: drrrr, kisha puu. Nikayahesabu. Kumi na tisa. Kisha mtu anasema, "Inatosha, funga."

Ndugu zangu, kaka aliwahi kuniambia kwamba safari ya wiki mbili ilikuwa inataka mapande mia na zaidi. Kamba huoza haraka. Meli inayokwenda kuvua na barafu ya mapande kumi na tisa haiendi kuvua. Basi ilikuwa inakwenda wapi?

Swali hilo lilinila. Niliisikiliza kaseti ile kabla ya darasa, kisha badala ya darasa. Niliandikia mamlaka za bandari, magazeti, watu wa bima. Faili langu lilinenepa, mimi nikakonda. Chuo kikaniandikia kwamba nisiporudi darasani nitapoteza nafasi, na nikiipoteza nafasi nitapoteza na ruhusa ya kukaa nchi hii. Hata barua hiyo niliishuku. Nikajiuliza ni nani anayetaka niondoke.

Mlikuja kunipa pole, mnakumbuka? Mlikuja apatimenti kwangu hapa Brooklyn Center, na masufuria. Nikasimama mlangoni.

"Nani amewaambia?" nikauliza.

Mmoja wenu akajibu kwa upole, "Habari za nyumbani husafiri, ndugu."

"Kupitia kwa nani hasa? Na alisema amekufa au amepotea?"

Kijana mmoja, naona anacheka pale nyuma, akasema, "Buda, tumeleta pilau, hatujaleta kesi."

Sikuwafungulia. Pilau ile mliila kwenye gari. Mnisamehe.

Niliendelea hivyo miezi ishirini. Ili nisifukuzwe kabisa nilijiandikisha masomo mawili, na nikawa nafanya kazi na mama mmoja kwenye nyumba ya kutunzia wazee kule Eagan. Yeye alikuwa na gari, mimi sikuwa nalo, kwa hiyo baada ya shifti alinirudisha. Usiku mmoja wa Februari, baridi ya kukata masikio, nikamwomba niweke kaseti yangu kwenye redio ya gari. Kila niliyemjua nilikuwa nimeshamlazimisha kuisikiliza.

"Sikiliza nyuma ya sauti," nikamwambia. "Hesabu nami. Moja. Mbili."

Akaendesha mpaka yule mtu wa kwenye kaseti akasema, "Inatosha, funga." Nikamweleza kuhusu mapande mia, na nahodha, na magodoro.

Akasema, "Rudisha nyuma."

"Umesikia jambo?"

"Rudisha."

Nikarudisha. Safari hii nikawa namtazama yeye badala ya kuhesabu, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi nikasikia maneno. Kaka alikuwa anacheka. "Wewe profesa, nimeona kwenye gazeti, eti huko kwenu ziwa zima linaganda, watu wanatembea juu. Mimi hapa barafu naijua ya kufukia kamba tu. Ni kweli? Kama ni kweli tembea, unirekodie nisikie linavyolia. Na mpelekee mama naye asikie, maana barua zako ni fupi kama risiti."

Yule mama akazima redio. "Mimi nimesikia mtu anauliza swali. Wewe umesikia barafu. Ulimjibu?"

"Mama, kaseti ilinifikia wiki moja baada ya meli kupotea."

"Sikukuuliza ilifika lini."

Akawasha indiketa, tukaiacha barabara kuu, akasimamisha gari kando ya ziwa. Nilikuwa na majira manne ya baridi hapa na sikuwa nimewahi kukanyaga ziwa. Nilikuwa nasema, nani ameipima hiyo barafu? Nani anahakikisha?

"Shuka," akasema.

"Unajuaje ni nene?"

"Yale malori pale katikati yanakuambia nini? Wewe una kilo ngapi? Shuka, mwanangu, miguu yangu inauma, nimesimama tangu asubuhi."

Nikashuka na kimashine hiki mkononi. Mzee mmoja aliyekaa kwenye ndoo, akivua kupitia tundu, alituinulia kikombe chake. Nikapiga hatua. Theluji ililia kama mtu anatafuna unga mbichi wa muhogo. Kisha chini yetu, mbali, ziwa lenyewe likatoa mlio mrefu, kama kitu kikubwa kinageuka usingizini. Sijui kama mmewahi kuusikia. Niliusogeza mdomo kwenye kimashine, nikasema, "Kaka, ni kweli. Wanatembea." Na hapo nikakisimamisha kimashine, maana nilikuwa natuma kwa nani?

Mimi ni mtu wa ushahidi. Basi ushahidi ulikuwa huu, nami nilikuwa nao tangu mwanzo: kaka yangu hangeweza kukaa miezi ishirini bila kunitania. Angekuwa gerezani, angekuwa kisiwani, angekuwa na mguu mmoja, angepata njia ya kuniita profesa. Kimya chake kilitosha kuwa ushahidi. Sikutaka kukihesabu.

Nikaendelea kurekodi palepale, midomo imeganda. "Mama, hii sauti niliagizwa na kaka nikuletee. Sijui meli ilikwenda wapi. Sijui nani alifanya nini. Lakini hatarudi. Nilikosea kuwazuia. Wekeni matanga."

Waliweka. Mama aliicheza kaseti hiyo niliyomtumia mbele ya waombolezaji, na wakalia siku zote walizokuwa wanadaiwa. Shemeji akaniandikia barua ambayo sitaisahau. "Shemeji," alisema, "miezi ishirini sikuwa mke wala mjane. Mwanangu alipoulizwa shuleni baba yuko wapi, alijibu, 'Baba mdogo bado anachunguza.' Wewe ulikuwa na faili. Mimi sikuwa na siku hata moja ya kulia." Sikumjibu kwa hoja. Nilimwambia ana haki, na kwamba sahihi ile, hata hivyo, asiweke.

Maana nisije nikawadanganya: faili sijalitupa. Mapande kumi na tisa hayanitoshi hadi leo, na yule nahodha bado namtafuta. Nimerudi darasani, nimebakiza muhula mmoja, na bado simwamini mtu anayeleta barua yenye mahali pa sahihi kabla hajaleta maelezo. Nilichojifunza ni kidogo. Ulizeni kila kitu, ndugu zangu, lakini mtu mwingine asilazimike kusubiri jibu lenu ndipo alie.

Nawashukuru mlioleta pilau, na mliorudi mara ya pili baada ya kufungiwa mlango. Namshukuru aliyekwenda chuoni kuniombea nafasi bila kuniambia. Na yule mama wa Eagan, aliyekaa karibu na birika akijifanya hasikii.

Sasa kimashine. Juzi mama yangu amenitumia kaseti. Anasema, "Hao watu waliokupeleka juu ya maji ni watu gani? Nataka niwasikie kwa masikio yangu, maana wewe peke yako siwezi tena kukuamini."

Mnaona nilikoutoa ugonjwa huu wa kushuku.

Mama, hawa ndio. Ndugu zangu, nakipitisha hiki kimashine, kila mtu amwamkie. Kianzie kwa mama pale kwenye birika. Haya, mama, sema naye. Ila usimwambie nilivyokimbilia garini ziwa lilipolia mara ya pili.